Aliyefuta Miwani

Mkunga alihesabu sentimita,
daktari mapigo ya moyo mashineni,
na Ruaridh, kwenye mtambo wa mafuta baharini,
alihesabu saa: dhoruba imezuia helikopta.

Wewe, Eilidh, hukuhesabu kitu.
Ulifuta miwani yangu iliyojaa mvuke.
Ulinikandamiza kiuno kwa mpira wa tenisi
hadi mfupa ukakumbuka kazi yake.
Nilipotukana, uliitikia, "Enhe."
Nilipomlilia mama, tuliyemzika Machi,
hukusema nyamaza.
Ulisema, "Mwite tena."

Uchungu haukupungua, nisidanganye.
Ulipata tu mtu wa kuushika upande wa pili.

Alfajiri, mvua ya mawe ikiupiga mji wa Aberdeen,
mtoto kifuani,
nilikuona dirishani
ukila tosti yangu iliyopoa,
mikono ikikutetemeka.