Ngeli Mbili, Ufa Mmoja

Likizo ya Juni nimepata kibarua cha kujaza fomu
mlimani, nyuma ya Kongwa. Chidawali analala kifudifudi,
anamulika ufa kwa tochi ya simu. Anataja, naandika.

"Pimbi. Watano. Hapana, sita, mmoja kajibanza kwa mama yake."
Ngeli: mamalia. Jamaa wa karibu: tembo.
Nacheka. Chidawali hacheki. Tazama kucha, anasema,
tazama meno mawili ya juu, hizo ni pembe zilizokosa mwili.
Bibi yangu alijua habari ya mkia tu:
siku ya mgao pimbi aliona manyunyu, akaagiza aletewe.
Hali: wasiwasi mdogo.
Wa nani, wake au wetu? Fomu haina nafasi ya swali.

"Kobe. Mmoja."
Ufa uleule, kando ya kinyesi cha wale sita,
bapa kama chapati iliyosahauliwa chini ya sahani.
Ngeli: reptilia. Gamba hubonyea kwa kidole.
Akishtuka hajifichi ndani, anakimbia,
kobe, anakimbia!
anajipenyeza mpaka jiwe limkubali.
Hutaga yai moja, kisha subira.
Hali: hatarini kabisa kutoweka.
Wapo wanaomtia soksini, akapanda ndege,
akawe pambo la sebule isiyojua jua la Ugogo.

Kule chini nyundo: ko, ko, ko.
Mama Nhonya anaponda kokoto, Dodoma inapanda ghorofa.
Kila lori likiondoka, mlima umepungukiwa ufa.
Simlaumu. Mwanawe yumo darasani kwangu,
na viatu vyake vimetoka katika mawe haya.

Mimi mwalimu wa Kiswahili. Ngeli zangu
haziulizi damu ya moto wala ya baridi:
pimbi anaota jua, kobe anaota jua,
Chidawali anakohoa, Mama Nhonya anaponda.
Sote tumo katika A-WA.
Jiwe peke yake ndilo li-, ndilo linalovunjwa.

Jioni, kwenye kifusi kibichi, tukamkuta kobe wa pili.
"Mwandike," akasema Chidawali, akageukia kwingine.
Kalamu ikasita.
Mara ngapi nimewasahihisha watoto kwa wino mwekundu:
si mzoga amelala.
Nikaandika: umelala.