Mwanya

Meno ya Shinuna yalianza kugombana alipotimiza miaka kumi na miwili.
Chonge la kulia lilipanda juu ya jirani yake
kama mtu aliyechelewa sala ya Ijumaa,
akakosa safu, akasimama penye viatu.
Sasa ana kumi na minne, na anacheka kwa kiganja.

Mimi fundi viyoyozi, Mabela yote wananijua.
Nikiingia kwa watu husikiliza dari kwanza,
ndipo nitoe salamu.

Kliniki ya kwanza, Al-Khuwair: sakafu ya marumaru,
maji yanateremka ukutani bila sababu,
kahawa na tende kwenye sinia,
baridi ya nyuzi kumi na nane
kutoka mashine kubwa kuliko chumba.
Daktari alitazama kompyuta, hakumtazama mtoto.
"Miezi minane," akasema, "tabasamu jipya kabisa."
Riali elfu moja na mia nne; tukilipa leo, mia inapungua.
Niliwahi kuuziwa kompresa mbovu kwa sauti ile ile.

Ya pili, Ruwi, juu ya duka la mshona dishidasha.
Daktari mpole, bei ya kutamanisha,
na kabla hatujakaa vizuri
keshahesabu meno manne ya kung'oa.
Picha je? "Haina haja, nimezoea."
Nikamshika Shinuna mkono, tukashuka ngazi.
Kule chini fundi alikuwa na kitambaa mezani,
anapima mara ya pili
kabla hajashika mkasi.

Nikampigia mama, yuko Ibra.
Miaka hamsini ya Ibra haijamtoa Wete mdomoni.
"Jino la pembe si dawa ya pengo," akanitupia.
"Mama, hii si pembe. Ni waya."
"Na mwanya wake je? Ule ni wangu mimi.
Marehemu baba yako aliuona ule kabla hajaniona mie."
Akakata simu.

Usiku Ghaniya alipiga hesabu
nyuma ya bahasha ya bili ya umeme:
tairi mbili, ada, Idi inakuja na mbuzi wake.
Akasema kuna mwenzake kazini, mwanawe katibiwa Al-Khoud.
"Daktari mwenyewe hana maneno.
Siku nyingine humrudisha mtu nyumbani bila kumgusa."
Nikasema, huyo huyo.

Kiyoyozi cha Daktari Ibtihaj ni kizee, kinakohoa,
lakini chujio lake safi. Nilichungulia.
Alivuta kiti, akakaa chini ya macho ya mtoto.
Uma. Fungua. Uma tena.
Eksirei. Udongo wa waridi wenye harufu ya mnanaa.
Wiki ya pili akatuwekea mezani taya la plasta,
jeupe, peke yake,
na Shinuna akaliangalia kama jamaa
aliyesikia habari zake tu.
"Hapa yanasagana. Hapa ufizi utaumia.
Miaka miwili, pengine na nusu.
Halwa ikivunja waya, usinililie mimi."
Kisha akageuka, akamuuliza yeye:
"Huu mwanya wa mbele hauna kosa. Niufunge, niuache?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hilo.
Hata mimi.

Nilijua atasema funga.
Shuleni wamempa jina ambalo hataki kunitajia.
Akatoa kiganja mdomoni.
"Uache," akasema. "Huwa napigia mluzi hapo."

Mimi, nisikiaye feni iliyolegea
kutoka nyumba ya tatu,
mluzi wa mwanangu sijapata kuusikia.

Tukalipa robo, iliyobaki kila mwezi.
Garini joto lilikuwa arubaini na tatu.
Nikapandisha vioo, nikazima kiyoyozi.
"Haya," nikamwambia, "piga."
Akanitazama kama mgonjwa.
"Tutaiva, baba."
"Tuive. Piga."