Jibu la Alhamisi

Alhamisi usiku, chumba cha nyuma cha kanisa,
mvua ya Cornwall yabisha vioo kama mdai.
Tumekaa kumi na mmoja, tiketi za darasa mifukoni,
nguo zatoa mvuke na harufu ya vumbi la shaba.
Bwana Angove, kiongozi wetu, auliza lile lile:
"Je, wautazamia ukamilifu? Watumaini
kukamilishwa katika upendo ungali hai?"
Hasemi mbinguni. Asema hapa,
penye matope na mikate ya mkopo.

Digory Hocking kasimama, kofia mkononi:
wiki tisa, asema, hajaona dhambi moyoni mwake,
hata chembe.
Tukaitikia amina, wengine kwa sauti ya mbu.
Mkewe, Honor, akainama
akafunga kamba ya kiatu iliyokwisha kufungwa.

Mimi kazi yangu kuvunja mawe. Miaka thelathini
nyundo na mimi, mimi na nyundo, mdomoni mwa mgodi.
Jiwe nalijua. Laweza kung'aa nje
ndani likawa takataka tupu;
jingine jeusi, la kutupwa,
ulipasue, uso wa jua.
Na hilo nalo huliiti shaba bado.
Kuna kuponda, kuna kuosha, kuna tanuri ng'ambo ya maji,
nisikofika, wala sijui moto wake.

Ninalo langu sijalisema.
Mwanangu Jabez alipofukiwa pima tisini chini,
karani Rosewarne alinihesabia siku nne na nusu,
akakata mishumaa.
Mishumaa! Iliyozimika huko huko, pamoja naye.
Nikamchukia kwa utaratibu, kama mtu asalivyo:
asubuhi, adhuhuri, kabla ya kulala.
Nikamchukia
na tiketi yangu haina doa.

Februari hii mkewe akaugua mapafu.
Nikapeleka supu. Usiniulize kwa nini;
sufuria ilikuwa motoni, miguu ikajua njia.
Akafungua mwenyewe, hajanyoa,
akasema, "Ingia, Keziah, kuna upepo."
Nikaingia. Nikamlisha mgonjwa kwa kijiko.
Kurudi, juu ya daraja la mbao, nikasimama:
kuna kitu hakipo.
Kama jino lililokuuma mwaka mzima,
ulimi waenda kulitafuta kwa mazoea
wakuta pengo, laini, halina damu.

Pengo hilo nimelichunga wiki tano.
Sijui kama litadumu. Jana tu
nilimfokea mtoto wa jirani kwa ajili ya yai,
yai moja, tena viza.
Labda moyo hujaa kama ndoo ya mbao:
umejaa kweli, hadi ukingoni,
na kesho alfajiri kisima kinakungoja.

"Na wewe, dada Keziah?"
Kumi wananitazama. Honor kainua kichwa.
Ningesema. Neno limefika menoni.
Nikaona kiatu cha Honor, ile kamba,
nikalimeza.
"Naendelea," nasema.
Angove aandika. Mvua yabisha.
Honor asogea kidogo kwenye benchi
nipate kunyoosha goti.