Karani wa Mizani

Kazi yangu ya kwanza Igwata ilikuwa kupima pamba.
"Arobaini na mbili," nasema, "wa nyuma yako asogee,"
na mkulima hanitazami usoni, ananitazama mkono:
mkono wa karani una kilo zake.

Kisha jineri ikafa, isizikwe.
Panya wakala mikanda ya mashine,
popo wakapanga ghala la pili bila kodi,
nikabaki na funguo kumi na moja
na mshahara wa mawingu yasiyonyesha.

Siku moja zikaja gari mbili za serikali.
Akashuka mama mfupi, Daktari Nyamizi Lugoye,
akaingia ghalani akipiga makofi, anausikiliza mwangwi.
"Hapa watakaa mia mbili," akasema.
Nikadhani anahesabu marobota.

Walikuja sitini na tatu.
Niliwaandika katika daftari la pamba, la chuo lilikuwa bado Mwanza:
palipoandikwa Mkulima nikakata mstari,
palipoandikwa Safi au Fifi nikapaacha wazi.
Wa kwanza, Kwandu binti Ng'homango,
sanduku la bati, ada ya noti zilizokunjwa mara nane.
Jina la baba yake nililiandika bila kuuliza.

Ubao ulikuwa mlango wa chuma.
Upepo wa Juni ukipita darini
nyuzi za pamba za miaka ile zilishuka juu ya mitihani,
na mwalimu wa takwimu akapiga chafya katikati ya wastani.
Tulicheka. Hata yeye.

Sasa wako elfu nne.
Lami imefika getini, ikachoka.
Chumba cha elfu kumi na tano ni cha elfu hamsini,
na mama lishe wa Igwata wanaijua tarehe ya mkopo kuliko mhasibu.
Maktaba imekaa juu ya mihogo ya mzee Bugumba;
fidia ilipofika ilimkuta mjane.
Ziwa liko mita mia nne, tunalisikia usiku,
na bomba la bweni la wasichana bado linakohoa hewa.

Mizani wameipaka rangi, wameiweka mbele ya utawala.
Siku ya mahafali wahitimu hupanda kupigwa picha.
Mwaka huu, nikiwa nimebakiza mwezi kustaafu,
akapanda Kwandu, mhadhiri sasa, joho jekundu likimfunika viatu.
"Nisomee, mzee."

Nilimwona akitazama mkono wangu.
Nikaurudisha mgongoni.
Kilo mbili, mara misimu sita: hesabu ya baba yake ninayo,
ningeweza kuisema pale, mbele ya matarumbeta.
"Hamsini na tisa," nikasema. "Kamili."
Hakushuka upesi.
Foleni nyuma yake ilifika barabarani,
nami koo likanikauka, nikasema nililolizoea:
wa nyuma yako asogee.