Uzito wa Tone

Kadi yangu ya kura inakaa kwenye kopo la kahawa
pamoja na cheti cha ubatizo cha Nkwimba
na risiti ya godoro ambalo sijamaliza kulilipia.
Picha imenitoa vibaya: jicho moja linasinzia,
kitenge kimeteleza. Ila ni mimi.
Mara moja kwa miaka mitano serikali inanitazama,
nami naitazama, kwa jicho lililobaki.

Naishi Igogo, juu ya mawe.
Nikifungua mlango naliona ziwa lote,
mpaka Saanane, mpaka meli iliyofungwa bandarini
ikisubiri mafuta, au mheshimiwa.
Ziwa liko chini, mimi niko juu,
kati yetu ngazi mia mbili na kumi na nne.
Nimezihesabu kwa shingo.

Bomba walituletea, nisiseme uongo.
Lilikuja na ngoma, na bugobogobo, na utepe;
mkasi ukagoma kukata, tukacheka,
mgeni rasmi naye akacheka,
kisha akanywa ya chupa.
Maji yalitoka wiki tatu.
Siku hizi yanakuja Alhamisi, saa nane usiku,
kama mume wa mwenzio.
Utepe ninao. Nimefungia banda la kuku.

Kaka yangu Lushinge hapigi kura.
Alipiga moja, zamani, akilima pamba Sengerema:
bei ilitangazwa redioni,
nyingine ikanong'onwa kwenye mizani.
Tangu hapo ana msemo wake:
"Dada, kura yako ni tone ziwani.
Ziwa litajuaje kama umeongeza?"

Sikumjibu. Nilikuwa napepeta dagaa,
na mchanga ukiingia mdomoni hujibu mtu.

Wakija na kofia, nachukua kofia. Jua ni kali.
Lakini wakisema uchumi umepaa
nauliza: ulipopaa ulipita Igogo,
au ulizungukia uwanja wa ndege?
Wakisema amani, naitikia kwa sauti;
amani naihitaji kuliko wao, wao wana ukuta.
Ila mwenye ndoo kichwani hanyamazi kwa kuridhika.
Ananyamaza asimwage.

Na nyavu. Nyavu za Magesa zilichomwa mwaloni,
moshi ukanuka plastiki na ada ya shule.
Samaki mchanga aachwe akue: hilo nakubali,
nimegombana na mke wa Magesa kwa kulikubali,
hatujaazimana chumvi tangu Pasaka.
Lakini aliyeziingiza nchini kwa kontena,
yeye wavu wake haujawahi kunusa moto.
Hapo ndipo sheria yenu inaponichosha:
macho yake ni madogo,
inakamata dagaa,
sangara anaipasua na kwenda zake.

Jumatano nilipanga foleni shule ya msingi,
kwenye darasa alilofelia hesabu Nkwimba.
Ubaoni mtu alisahau kufuta: *Toa, kisha gawanya.*
Nikatoa kadi. Nikatoa kidole.
Niliyemchagua simsemi, hata kopo la kahawa halijui.

Usiku wa Alhamisi nikapanga ndoo.
Lushinge akaja kunishikia tochi,
hajawahi kuja; alisema usingizi umemkataa.
Mwanga ukaangukia kidole changu, cheusi kwenye mshikio.
Nikadhani atasema tone.

Ningemwambia hivi: nimelipandisha ziwa hili kilimani
lita ishirini ishirini, tangu tumbo la Nkwimba.
Najua ndoo iliyojaa mpaka ukingoni,
najua tone moja likidondokea humo
jinsi maji yote yanavyotetemeka
na mwili unavyolazimika kutafuta upya pa kukanyaga.

Hakusema. Akasogeza ndoo yake,
kuukuu, haina mfuniko,
nyuma ya yangu.

Bomba likakohoa mara mbili.
Tukasubiri.