Nafasi

Bi Genovaitė aliileta kompyuta ya mumewe
ndani ya kikapu cha viazi, kaifunika taulo
kama mgonjwa anayeogopa baridi ya Šiauliai.
"Diski inakwaruza," alisema. "Nataka sauti zake.
Miaka kumi na tisa ya vyura na korongo.
Zitoe kabla haijanyamaza."

Nilifunga duka saa tatu usiku,
nikachemsha chai, nikafungua dirisha jeusi,
na kielekezi kikanikonyeza: haya, sema.

Nikasema. Nikakataliwa.
*Huna ruhusa.*
Marehemu alizifungia kwa jina lake,
na mashine, mtumishi wa mwenye nyumba asiyerudi,
ilisimama mlangoni, mikono kiunoni.
Nikaingia kwa cheo cha mkuu wa vyote.
Ikanipisha bila salamu.

Nikaandika skripti, mistari minne tu:
kwa kila faili, nakili, taja jina, endelea.
Minne! Nimeshaandika ya mistari elfu, ikatembea.
Hii ikajikwaa kizingitini.

*Faili Vyura halipo.*
*Faili baada halipo.*
*Faili ya halipo.*
*Faili mvua halipo.*

Nikachungulia folda kwa macho yangu: lipo.
"Vyura baada ya mvua", la tarehe sita Mei,
limekaa pale pale, zito, lina megabaiti zake.
Mashine ikala kiapo: halipo.
Nikashuku diski. Nikashuku kebo, nikaibadilisha.
Nikamshuku fundi aliyenitangulia,
kama ilivyo desturi yetu mafundi.
Saa sita. Theluji imeshaziba namba za magari nje.
Saa saba naitukana kibodi, na chai imepoa.
Tiki, ikasema diski. Kimya. Tiki tiki.

Basi nikayasoma makosa kwa sauti,
polepole, kidole kwenye kioo,
kama mtoto wa darasa la kwanza:
vyura. baada. ya. mvua.
Sikio likanong'ona kile jicho lilichodharau.

Nafasi!
Kile kitupu kati ya neno na neno,
kisicho na wino, kisicho na umbo,
mwiba niliokuwa nikiukanyaga usiku kucha.

Sisi mafundi hatuachi nafasi katika jina.
Tunayafunga maneno kwa vistari
yaende pamoja kama mabehewa.
Ajabu ni kwamba Rimgaudas ndiye aliyeendesha treni,
ya mizigo, hadi mpakani na kurudi,
na majina yake hakuyafunga hata moja.
Aliandika kama anayemsimulia mtu kando yake:

"Korongo wa Joniškis, jike, amechelewa"
"Kimya, nilidhani nimesikia bundi"
"Genė anacheka jikoni, usifute"

Na kila alipovuta pumzi, skripti yangu ilikata.

Dawa yake ni ndogo hata naona haya kuitaja:
alama za kunukuu, huku na huku.
Mnukuu mtu mzima mzima, usimkate kauli.
Nikazitia. Nikabonyeza.
Majina yakaanza kushuka, marefu, na koma zake,
na mimi nikakaa kuyatazama,
kazi ambayo silipwi.

Alfajiri diski ilikwaruza mara ya mwisho.
Mafaili elfu mbili mia tatu na sita;
arobaini na moja yamekufa njiani,
na lile la jikoni ni mojawapo.
Nilimwambia Bi Genovaitė kabla hajaketi.
Akavua glavu moja. "Lipi lingine?"

Nikamfungulia la bundi.
Dakika nne za msitu usio na kitu,
upepo kidogo, kitu kama tawi,
kisha mtu, karibu sana, akakohoa.

Alirudisha mkono nyuma akataka tena.
Mara ya tatu akavaa glavu yake,
akaniuliza bei,
akaniuliza kikapu chake nimekiweka wapi.