Kho! Kho!

Tulirekodi Mabatini, chumbani kwa Masalu,
magodoro ukutani, trei za mayai darini,
feni imezimwa isije ikaingia kwenye maiki.
Kodi ya miezi miwili tunadaiwa.

Mara ya nne sauti ikakaa.
Nyuma ya ukuta mama yake akikaanga dagaa,
pilipili ikampalia:
kho! kho!
kabla tu ya kiitikio.
"Futa hiyo," nikasema.
Umeme ukakatika. Kilichobaki ndicho hicho.

Wiki ya sita sasa, namba moja redioni.
Kirumba, Igoma, mpaka kwenye kivuko cha Kamanga
watu wanaimba, na wakifika pale
wanakohoa wote kwa mpigo.

Mama Masalu anageuza dagaa wake,
anauliza: na hao
nani kawakaangia?